Mmoja Mweupe Kati ya Sita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Karani alifagia banda la sungura, akabadilisha maji, kisha akaandika kwenye daftari. Jina hilo la utani alipewa na shangazi yake, daktari wa mifugo aliyemlea, kwa sababu msichana huyo aliandika kila kitu: nani hakula, nani kamng'ata nani.

Jike lake jeusi lilipozaa, Karani alipenyeza mkono kwenye kiota cha manyoya, akahesabu kwa vidole na kuandika: "Watoto sita, weusi." Wazazi wote wawili walikuwa weusi tii, basi afunue kiota ya nini?

Wiki tatu baadaye watoto walitoka nje. Watano walikuwa weusi, mmoja mweupe pe.

Fundi cherehani wa jirani alifuga sungura weupe, na juzi yake alikuwa amepotelewa na mtoto mmoja. Alipomwona yule mweupe alikuja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Weusi wawili wazae mweupe? Wapi na wapi!" alifoka. "Mdogo hivi, tayari mwizi! Mtaa mzima utajua."

"Lete daftari," shangazi alimwambia Karani.

Karani aliukumbuka ukurasa ule. Alitamani kuuchana, lakini akalitoa daftari lilivyo. Shangazi akausoma kwa sauti.

"Si mnaona?" fundi alisema. "Kajishtaki mwenyewe!"

"Rangi sikuiona, shangazi," Karani alisema huku akilia kwa aibu. "Nilihesabu kwa mkono tu. Rangi nilikisia."

Shangazi alifungua ukurasa wa kwanza. Iliandikwa kwamba dume na jike walinunuliwa kwa fundi, wakiwa wa mama tofauti; baba walikuwa weusi, na mama wote wawili walikuwa weupe.

"Fundi, niazime vifungo vyeusi na vyeupe vya mfukoni mwako," alisema, akavipanga mezani. "Kila sungura ana jeni mbili za rangi, moja ya baba, moja ya mama. Nyeusi hutawala. Ikiwapo hata moja, manyoya huwa meusi. Nyeupe hujificha, hujitokeza tu zikikutana mbili. Mama mweupe hana jeni nyingine ya kutoa ila nyeupe. Kwa hiyo dume hili lina moja iliyojificha, na jike vilevile. Mtoto huyu kazipata zote mbili. Weupe wake umetoka bandani kwako, lakini yeye ni wetu. Walihesabiwa sita, na leo ni sita. Wako umemtafuta chini ya cherehani?"

Fundi alikwenda kumtafuta. Alirudi amembeba mtoto mweupe, uzi mwekundu umemnasa mkiani.

"Alikuwa kwenye gunia la vitambaa," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuita mwizi bure."

Alipoondoka, shangazi alimrudishia Karani daftari. "Ulichokiona kimekuokoa, ulichokikisia nusura kikuponze. Andika ulichokiona. Usichokiona, andika kwamba hukukiona."

Karani alilikata neno "weusi" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: "Rangi sikuangalia."