Mianzi ya Kutambaa

Siku ile mjinga alikuwa Hiza, na hata mwenyewe hakatai. Alikuwa stendi ya Korogwe akisubiri gari la Handeni, suti ya kijivu mwilini saa saba ya jua, jasho linamchuruzika, alipoona kitalu cha miche ng'ambo ya barabara. Akavuka, akaagiza mianzi ya kuzungushia nyumba yake ya Chanika, hukohuko Handeni. Iote upesi.

Mwenye kitalu, Loyce, kitenge cha njano kiunoni na matope mpaka viwikoni, alimkagua kuanzia viatu.

"Bwana suti, mianzi iko ya namna mbili. Hii yangu inakaa palepale, kichaka kinanenepa taratibu. Ile nyingine mizizi inatambaa chini kwa chini mpaka kwa jirani. Hiyo siuzi."

"Na namba ya simu?"

"Chukua miche sita kwanza."

Akachukua miche, na namba akapata. Misimu miwili ya mvua walipigiana kila jioni.

"Miche yetu inaendeleaje, mpenzi?"

"Inakunywa maji kunishinda, mamii."

"Nitumie picha basi."

"Kamera imepasuka."

Kamera ilikuwa nzima. Miche ilikufa mwezi wa kwanza, maana bwana huyu aliimwagilia kwa maneno. Badala ya kusema, alikwenda Makuyuni akachimbua mianzi ya bure, ile ile ya kutambaa, akaipanda. Ilipompita kimo, akajiona bwana shamba.

Kabla ya posa, Loyce alikuja Chanika kuiona nyumba. Getini alimkuta jirani, Bi Mwatumu, kashika chipukizi nene.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hili limetoboa sakafu ya jiko langu. La tatu hili."

Loyce alilipokea, akalinusa, kisha akamtazama Hiza kama anavyotazamwa samaki wa juzi.

"Nilidanganya kuhusu mianzi tu," Hiza akanong'ona. "Kwenye mapenzi sijadanganya. Ningesema miche imekufa, ungenionaje?"

"Mtu aliyeua miche. Ningekuletea mingine."

Jembe lilikuwa limeegemea ukuta. Loyce alimpachikia Hiza mkononi.

"Chimba. Misimu miwili ipite bila chipukizi kwa bibi huyu, ndipo ulete posa."

"Misimu miwili, Loyce? Nitaishije bila wewe?"

"Kwa simu, kama ulivyozoea. Ila safari hii utatuma na picha."