Safu ya Kwanza

Kila jioni fundi wa vigae alirudi nyumbani na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alinawa, akabandika sufuria jikoni, kisha akamwita binti yake alete daftari. Zamani hakukuwa na haja ya kumwita. Mama yake alipokuwa hai, msichana huyu hakujua kufunga mdomo, na ndiyo maana mama alimpa jina la Chiriku, yule ndege asiyenyamaza. Sasa ulikuwa mwezi wa saba tangu mama azikwe. Jina hilo halikutajwa tena, na nyumba ilikuwa kimya kama darasa wakati wa likizo.

Siku moja barua ilikuja kutoka shule ya sekondari. Chiriku alikuwa amefeli jiometri na Kihispania. Mtihani wa marudio ungefanyika baada ya miezi mitatu. Akishindwa tena, angerudia darasa. Na yeye mwenyewe alikwisha kusema, bila kuinua macho, kwamba akirudishwa darasa haendi tena shule.

Baba alifanya alichoweza. Alimtafuta kijana wa chuo aje kumfundisha mara tatu kwa wiki. Kijana alikuwa mwepesi. Alifika, akafungua ukurasa mpya, akakokotoa, akaondoka. Siku nyingine baba alishika penseli mwenyewe. Mkono wa fundi hauvumilii mstari uliopinda. Chiriku akichora pembetatu ikaenda upande, baba aliifuta akaichora upya. Daftari likang'aa kwa usafi. Alama zikazidi kushuka.

"Ni uvivu tu," baba alimwambia jirani walipokutana kwenye ngazi. "Mtoto amefanyiwa kila kitu."

Jirani huyo aliishi chini yao. Kwa miaka mingi alikuwa amesimamia chumba cha kusomea cha maktaba, ambako wanafunzi walimpelekea kazi zilizowashinda. Watu walimwita Mama Maktaba. Hakubisha. Aliomba tu alione daftari.

Alikaa mezani jikoni, akavaa miwani.

"Nani amechora hizi?" aliuliza.

Chiriku alimtazama baba. Baba akakohoa.

"Hongera, fundi. Wewe umefaulu," alisema Mama Maktaba. "Sasa tumtazame mwanafunzi."

Hakufundisha kitu siku hiyo. Alifunua kurasa kurudi nyuma, moja moja, na kwa kila ukurasa alimwomba Chiriku aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Chiriku alishindwa, akashindwa tena. Kisha wakafika kwenye kurasa tatu tupu.

"Na hapa?"

"Hapa sikuwepo."

Baba alisoma tarehe iliyokuwa juu ya ukurasa uliotangulia. Zilikuwa siku za msiba. Darasa lilikuwa limesoma misingi ya pembetatu bila yeye.

Maandishi ya daftari la Kihispania yalikatika baadaye kidogo, siku aliyorudi shuleni. Mwalimu alikuwa amemtaka kila mwanafunzi asimame aieleze familia yake.

"Nilisimama," alisema Chiriku, "halafu nikakaa." Tangu siku hiyo hakuwahi kufungua mdomo katika somo hilo.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?" baba aliuliza.

Chiriku alikunjakunja pembe ya daftari.

"Kila nikikosea, baba, ulikuwa unafuta."

Baba alikitazama kifutio. Kazini, safu ya kwanza ya vigae ikipinda, huwa anaibomoa. Ukipandisha juu yake, ukuta mzima unaharibika. Jambo hilo alimfundisha kila kibarua wake. Nyumbani kwake alikuwa amepandisha miezi saba.

Mama Maktaba aliwaeleza polepole. Kabla ya kumfundisha mtu, tafuta alipokwama, uanzie hapo. Penseli ishikwe na anayejifunza. Anayefundisha aulize tu, "Kwa nini?" Kosa lisifutwe. Likatwe kwa mstari mmoja, na pembeni paandikwe lilitokeaje. Na dakika chache kila siku ni bora kuliko saa nyingi siku moja.

"Kihispania mimi sijui hata salamu," alisema. "Lakini lugha inataka sikio, fundi. Mpe lako. Awe mwalimu wako."

Kesho yake baba alikwenda shuleni, kofia mkononi. Mwalimu wa Kihispania alikuwa mgeni muhula ule, na hakuna aliyemwambia habari za msiba. Aliposikia, alisema atakuwa akimsikiliza Chiriku peke yake saa ya mapumziko. Kijana wa chuo naye alirudi kwenye zile kurasa tatu.

Jioni, Chiriku alimfundisha baba kuhesabu vigae vya sakafuni. Uno, dos, tres. Moja, mbili, tatu. Baba alijikwaa kila hatua.

"Ulimi wako umejaa saruji, baba."

Wote wawili waliinua vichwa ghafla, kama watu waliosikia hodi. Hapakuwa na utani katika nyumba ile tangu mazishi.

Siku nyingine baba alimwonyesha anavyopima kona ya chumba kwa uzi. Futi tatu ukuta huu, futi nne ule, na kutoka alama hadi alama lazima iwe tano, ndipo kona iwe pembe mraba. Miaka ishirini alifanya hivyo bila kujua sababu. Chiriku ndiye aliyemchorea na kumweleza. Mchoro ulipinda. Baba alikalia mikono yake ili asiguse kifutio.

Haikuwa rahisi. Kuna jioni Chiriku alilia juu ya daftari mpaka karatasi ikalowa. Wakaanza tena kesho yake.

Matokeo yalipotoka, jiometri alikuwa amefaulu vizuri. Kihispania aliponea chupuchupu. Alipanda darasa.

Baba aliisoma barua mara mbili. Ndipo akauliza alichokuwa akikiogopa tangu siku ya mtihani.

"Kwenye kuzungumza, walikuuliza nini?"

"Nieleze familia yangu."

"Ukasemaje?"

Chiriku alisimama, kama alivyosimama mbele ya watahini.

"Antes éramos tres. Ahora somos dos."

Katika maneno hayo baba alijua mawili tu, tatu na mbili. Yalimtosha: walikuwa watatu, sasa wawili. Alitaka kutafuta neno zuri la kuyafunika aliyoyasikia, yasiume. Akajizuia.

"Rudia, Chiriku," alisema. "Polepole, na mimi nijifunze."