Dansi Iliyokatizwa

Mlio ulianzia kwenye sufuria. Gwalugano alikuwa anapepeta maharage nyuma ya nyumba yake kijijini Iyula, mchana kweupe, akasikia kidole kinagonga jikoni: pigo moja refu, mawili mafupi. Akajua ni la nani. Mungu amsamehe, alifurahi.

Marehemu mumewe, Lwitiko, alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa. Kabla ya kufa aliwafundisha wenzake dansi ya kale ya majumba ya wafalme wa Ulaya, aliyoachiwa na mgeni mmoja. Ulikuwa muziki wa kutembea, mzito, mapigo mawili mawili, la kwanza refu, la pili likikatwa vipande viwili vifupi, wachezaji wakienda jozi jozi wameshikana mikono. Nyuma yake hufuata dansi ya pili, sauti zilezile, ila kwa mapigo matatu, ya kurukaruka. Bendi ikaona zinafaa misibani: ya taratibu ilisindikiza jeneza, ya haraka iliwarudisha watu nyumbani. Siku ya kumzika Lwitiko, Gwalugano aliikataza ile ya pili.

"Mume wangu hafukuzwi kama kuku," alisema, na nani angebishana na mjane?

Sasa kila alasiri sebule ilinuka shaba iliyosuguliwa na udongo mbichi. Kisha Violet, binti yao mdogo, akaanza kutembea, mkono wa kulia ameuinua kama ameshikwa na mtu mrefu, hatua, kituo, hatua, kituo, jana mpaka mlangoni, leo mpaka kwenye mibuni, akiitwa haitiki, chakula hagusi, mashavu yanazidi kubonyea, na njia aliyoishika ni ya makaburini.

Gwalugano akamwendea mzee Eliakim, kiongozi wa bendi.

"Ni yeye, baba?" alinong'ona.

"Sijui kama ni yeye au ni jini limejivika sauti yake. Ninachojua, tulimwacha katikati ya dansi. Niruhusu niimalize, mama Violet."

"Ukiimaliza sitamsikia tena."

"Hutamsikia."

Alilia palepale, mbele ya mzee wa watu. Kisha akasema, "Pigeni."

Siku iliyofuata mtoto alifika mpaka ukingoni mwa makaburi. Mama yake alitembea kulia kwake, nafasi ya mtu mmoja katikati yao, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya kitenge. Nyuma yao tarumbeta zikaanza ile ya haraka, kwa mapigo matatu, na wapigaji wenyewe wakilia. Mkono wa Violet ukaanguka.

"Baba kaenda," alisema, akaomba ugali.

Njiani kurudi alimtazama mama yake kwa huzuni. "Mama, mbona hukumuaga? Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika wako."

Gwalugano akautoa mkono kwenye kitenge, vidole vimeganda. Tangu walipotoka nyumbani alikuwa amedhani ni baridi ya Iyula tu.