Aliyekalia Kiti cha Mama Ukoo

Kiti kilikuwa na joto.

Asubuhi ile Mama Ukoo alitangulia kufika kazini, kama kawaida yake. Alifungua chumba cha nasaba kwa ufunguo wake, akawasha taa, akaweka mkoba mezani, akakaa. Mara akainuka kama aliyekalia sindano. Kiti kilikuwa na joto la mtu, joto la mwili ulioinuka sasa hivi. Akaangaza huku na huku. Madirisha yamefungwa, mtu hayupo. Kulikuwa na harufu tu, nyepesi, kama ya maziwa yaliyoungulia sufuriani.

Shoga yake alipoingia, akamweleza.

"Mwenzangu, nimekuta kiti changu kina joto."

"Basi shukuru," shoga yake akamjibu. "Wenzako tunapashiwa chai, wewe unapashiwa kiti." Akacheka. Mwanamke yule akicheka, wasomaji wa chumba cha pili huinua vichwa. Ndiyo maana maktaba nzima ilimwita Kicheko.

Mama Ukoo naye jina lake alilipata kwa kazi. Mtu huja kwake na jina la babu na uvumi nusu, akaondoka na ukoo mzima. Aliwahi kumkutanisha mzee mmoja na dada yake waliotenganishwa wangali wananyonya, wakalia mbele ya meza yake mpaka mlinzi akadhani kuna msiba. Chumba kile alikianza yeye, zamani kikiwa stoo ya viti vibovu. Ila mwenyewe hakuwa na ndugu. Alizaliwa peke yake, wazazi wakatangulia, na Mungu hakumjalia mtoto. Alikuwa na mumewe, fundi saa mpole, na alikuwa na Kicheko.

Kicheko alimfundisha mwenyewe. Alimfundisha kusoma miandiko ya kale, na namna ya kumuuliza mjane bila kumtonesha kidonda. Wakawa chanda na pete. Walikula pamoja, walisengenya pamoja, na mmoja akiugua mwenzake ndiye aliyepeleka uji.

Kisha mkuu wa idara akastaafu. Kila mtu alijua kiti kile ni cha nani. Mama Ukoo hakusema neno, ila alishona nguo mpya.

Mkurugenzi akawakusanya ukumbini, akamtaja Kicheko.

Mama Ukoo alipiga vigelegele kuliko wote. Alimkumbatia shoga yake, akamfuta machozi, akasema, "Unastahili, mdogo wangu, unastahili." Halafu akajikaza kisabuni, akapita katikati ya watu akitabasamu, akateremka kwenye chumba cha makabati chini ya ngazi. Huko akajifungia na kulia kwa kwikwi.

"Mimi niliyemshika mkono!" akasema na ukuta. "Leo nikamwamkie mlangoni? Na sina hata ndugu mmoja wa kunionea uchungu."

"Unaye," sauti ikasema.

Ilikuwa ya kike, ya chinichini, karibu kabisa na sikio. Mwili ukamsisimka. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikakijaza chumba. Angekimbia, kwani ufunguo ulikuwa mlangoni. Hakukimbia. Ndani ya hofu ile aliona raha fulani, raha ya mtu aliyelia peke yake halafu akasikia kiganja kikimshika begani.

"Nani wewe?" akanong'ona.

"Dada yako. Nakusikitikia. Amekula cha kwako."

Mama Ukoo akanyamaza. Naye aliyenyamaza, jini lilimwelewa lilivyotaka.

Tokea hapo hakuwa peke yake tena. Kila Kicheko alipotoa amri, hata ya adabu, hata ya kuomba, sauti ilinong'ona, "Msikie huyo, dada." Kila aliposifiwa, "Kazi ya nani hiyo, dada?" Mama Ukoo alianza kungojea minong'ono ile kama mraibu. Alikula peke yake. Kicheko akimwuliza, "Kuna nini, dada yangu, mbona umenikalia mbali?" yeye hujibu, "Kazi tu, bosi," na neno hilo bosi alilitamka kama anatema mbegu.

Kisha Kicheko akaanza kukauka sauti. Mwanzo alidhani ni mafua. Akanywa tangawizi, akafunga shingo kwa kitambaa. Sauti ikazidi kufifia. Siku ya kupokea wageni wakubwa alisimama mbele yao, akafungua kinywa, na badala ya maneno ikatoka chakacha, chakacha, mfano wa karatasi zinazopekuliwa upesi upesi na mikono mingi. Wageni wakatazamana. Kicheko akajishika koo, macho yamemtoka, akamtafuta Mama Ukoo kwa macho.

Moyo wa Mama Ukoo ulikuwa umekwisha kuruka kwa furaha kabla aibu haijaufikia.

Madaktari walimulika koo lile na kulipima, wasione kitu. Kicheko akalala nyumbani, bubu. Mkurugenzi akamwambia Mama Ukoo ashikilie idara kwa muda. Akaingia ofisi ile kubwa, akakaa. Sauti ikamwuliza kwa upole, "Umeridhika, dada?" Mama Ukoo alikuwa akiitazama picha ndogo iliyobandikwa ukutani na shoga yake: wao wawili, wamekumbatiana, Kicheko ameachama kwa kicheko.

"Mrudishie sauti yake," akasema. "Yatosha."

"Sasa wamtaka yeye?" ikauliza sauti, na upole haukuwamo tena. "Yeye, au yule wa nyumbani? Mimi nipo, dada. Wengine wa nini?"

Aliifunga ofisi mchana ule ule, akakaza mwendo kwenda kwake. Jua lilikuwa bado kali. Alimkuta mumewe amekaa kizingitini, nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, viatu mkononi, midomo imemkauka.

"Wewe," mumewe akanong'ona, "umetoka wapi?"

"Kazini. Kwani vipi?"

"Kama wewe umetoka kazini, jikoni yuko nani?"

Akasikia. Ndani ya nyumba mtu alikuwa akiimba kwa sauti yake, ule wimbo wake wa kuoshea vyombo, na vyombo vilikuwa vikigongana, na maji yakimwagika, na harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa ikitoka chini ya mlango ikiwapanda miguuni kama mvuke, na kadiri walivyorudi nyuma hatua kwa hatua wakiwa wameshikana mikono ndivyo wimbo ulivyosogea, ukatoka jikoni, ukapita sebuleni, ukafika nyuma ya mlango, ukanyamaza, na kitasa kikaanza kuzunguka polepole, kikaenda, kikarudi, kikaenda, hali sauti ya Mama Ukoo, ileile anayoisemea mwenyewe, ikibembeleza kutoka ndani: "Ingia, mume wangu, chakula tayari. Huyo uliye naye si mkeo."

Mume akamkazia macho mkewe, na kwa nukta moja hakuwa na hakika. Nukta ile ilimuuma Mama Ukoo kuliko yote.

Wakakimbilia kwa shangazi yake mume. Bibi yule alikuwa mkunga mstaafu, naye alitibu wenye majini. Mwenyewe alisema kazi ni moja: "Nimewatoa watu na nimewatoa wasio watu. Wote hutoka wakilia."

Alimsikiliza Mama Ukoo mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Lilipokwambia 'unaye', ulilikatalia?"

"Sikulikatalia, shangazi."

"Na shoga yako alipoanza kukauka sauti?"

Mama Ukoo akainamisha kichwa. "Nilifurahi."

"Haya. Hapo ndipo lilipo. Kisomo nitasoma, lakini mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba hafukuzwi na jirani. Utasema naye wewe. Na mgonjwa awepo, asikie."

"Asikie?" Mama Ukoo akashtuka. "Shangazi, hilo sitaweza."

"Basi mzoee dada yako mpya."

Wakaenda maktaba siku ya mapumziko, adhuhuri, mlinzi akawafungulia bila kuuliza. Kicheko alikongojea ngazi kwa kumwegemea bibi. Amekonda, mabega yamebaki mifupa. Alipomwona Mama Ukoo akamshika mkono. Mama Ukoo akaona heri angempiga.

Katika chumba cha nasaba, kile kiti cha zamani kilikuwa kimevutwa nje ya meza, kama kimeandaliwa. Shangazi akasoma aliyoyasoma, kwa sauti ya chini, akizunguka chumba. Ghafla mto wa kiti ukabonyea. Kitu kimekaa.

"Usikiahidi chochote," shangazi akanong'ona. "Uliza."

Mama Ukoo akapiga magoti mbele ya kiti kitupu. Akauliza swali alilowauliza watu wote maishani mwake: "Mama yako ni nani?"

Kiti kikacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha Kicheko, kile cha kuinua vichwa vya watu, na Kicheko mwenyewe alikuwa amesimama pembeni ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yanamtiririka.

"Sina," likasema kwa sauti ile ya wizi. "Nimekaa hapa tangu stoo. Nimewasikia wote wakija. Huyu kapata babu, huyu kapata dada, wanalia, wanakumbatiana, wanaondoka. Mimi hakuna aliyeniuliza. Niliwaonea wivu mpaka nikaungua. Siku ulipolia, wivu wako ulinukia kama wa kwetu. Nikajua nimepata ndugu."

Mama Ukoo akalionea huruma. Hilo ndilo lililokuwa la hatari kuliko kitasa na wimbo, na shangazi aliliona, akamfinya bega.

"Si ndugu yako," Mama Ukoo akasema.

"Nimekupa kiti!"

"Wivu ulikuwa wangu." Akageuka, akamtazama shoga yake usoni. "Ulikuwa wangu, mdogo wangu. Nilitaka uanguke. Ulipoanguka nilifurahi. Hili halikunitia neno ambalo sikuwa nalo." Kisha akakirudia kiti. "Wivu huo ni wangu na naurudisha kwangu. Wewe sikujui. Humu mna wanaadamu tu, na wewe si mmoja wao. Toka!"

Makabati yakafunguka kwa pamoja. Karatasi zikaruka, taa zikapasuka, na kutoka kitini kikapanda kilio, kilio cha mtoto aliyeachwa sokoni, kwa koo la Kicheko, kikazunguka chumba, kikagonga madirisha, kikamzunguka Mama Ukoo kikimwita dada, dada, dada, naye ameziba masikio akitikisa kichwa, mpaka kilio kikahama mahali, na wakagundua kwamba sasa kinatoka kinywani mwa Kicheko aliye hai, amepanua mdomo, anapiga ukelele wake mwenyewe.

Dirisha likafunguka na kujifunga. Kimya. Hewa ikanuka vumbi la karatasi, basi.

Siku nyingi zilipita kabla hawajaonana. Mama Ukoo ndiye aliyekwenda, na uji, kama zamani. Kicheko alimkaribisha kitandani, sauti bado ina mikwaruzo.

"Lilikuwa likinijia hapa," akasema. "Kwa sauti yako. Linaniambia yote unayoniwazia. Halafu linaniuliza, 'Nikuache, nimgeukie yeye?' Siku ya kwanza nikasema hapana. Siku ya pili nikasema hapana. Baadaye, dada yangu, sikuwa na sauti ya kusema hapana. Nikawa natikisa kichwa tu gizani. Sijui hata kama lilikuwa linaniona."

Mama Ukoo akaweka bakuli chini, akalia mpaka uji ukapoa. Kicheko hakumbembeleza. Alimwacha amalize, kisha akasema, "Haya, nipashie huo uji. Nami ni mkuu wako, usinichezee."

Alirudi kwenye ofisi yake, na Mama Ukoo kwenye meza yake. Asidanganye mtu kwamba wivu ulikwisha. Kicheko akisifiwa mbele za watu, Mama Ukoo huuhisi ukimpanda kifuani, wa moto, uleule. Siku hizo hajifungii mahali. Huenda moja kwa moja mlangoni kwa shoga yake, akabisha.

"Umenipanda tena," humwambia.

Kicheko husogeza mafaili, humvutia kiti. "Kaa hapa," husema. "Kaa tuzungumze mpaka ushuke."