Majina Yaliyojificha Ndani ya Disketi

Pulchérie alikuwa akianika mihogo mbele ya nyumba yao huko Mboko. Mumewe, Norbert, alisoma gazeti la parokia. Ndani yake kulikuwa na orodha ya watoto waliopotea vitani. Binti yao Solange alipotea mwaka 1998, walipokimbia risasi. Alikuwa na miaka saba. Sasa ilikuwa imepita miaka minne.

Norbert alisoma mara mbili.

"Jina ya Solange haiko," alisema.

"Nani anachapisha?"

"Mpano, kule Uvira. Ni mutu wa milima."

"Basi ametufuta!"

Siku hizo, watu wa milimani na wa ziwani hawakuaminiana. Pulchérie na Norbert walikwenda Uvira pamoja na Adolphine, aliyeandika orodha kwenye kompyuta ya parokia mjini Baraka.

"We ulifuta batoto betu," Pulchérie alimwambia Mpano.

"Mi sijafuta mutu, mama. Kuya uone."

Mpano aliingiza disketi ya Adolphine. Adolphine alikuwa ameandika majina arobaini. Kwenye kioo cha kompyuta ya Mpano yalionekana thelathini tu. Mpano akavuta chini ukingo wa kisanduku cha maandishi. Majina kumi yakatokea. La mwisho lilikuwa la Solange.

Pulchérie aliligusa kwa kidole.

"Mashini yangu haina aina ya herufi alizotumia Adolphine," Mpano alieleza. "Iliweka zingine, kubwa. Nafasi ikaisha, majina ya mwisho yakajificha."

"Na juu ya nini hukuona?" Norbert aliuliza kwa ukali.

"Sikuhesabu. Hiyo ni kosa yangu."

Kisha akamgeukia Adolphine. "Faili ya kupanga kurasa ubaki nayo, ya kusahihishia. Mi unitumie ya PDF, yenye herufi zake ndani. Ile ukurasa haibadilike. Na utume karatasi moja umechapa kwako, nilinganishe."

Pulchérie aliondoka bila kuaga. Bado hakumwamini.

Gazeti lililofuata lilipofika, alihesabu mwenyewe kwa kidole. Arobaini.

Baada ya wiki mbili ikaja habari kutoka Kazimia. Muuza samaki mmoja alisoma jina la Solange. Alikuwa akimlea.

"Pengine ni mutego," Pulchérie alisema.

Siku chache baadaye, msichana mrefu alishuka kwenye mtumbwi pwani ya Mboko. Pulchérie hakumkumbatia. Aliinua kwanza mkono wa kushoto wa msichana. Chini ya kiwiko kulikuwa na kovu la uji wa moto.

"Mama," msichana alisema, "ulinimwagia bila kupenda."

Ndipo Pulchérie akalia.