Kelele Aliyoifuta Mama Steve

Siku za kupeleka majani ya chai kiwandani, Jecinta Wanjuhi alishona nguo huku sikio moja liko kwenye skana. Skana ni redio ndogo ya mkononi. Haitumi sauti, inasikiliza tu. Inapita chaneli moja baada ya nyingine, na ikikuta mtu anaongea, inasimama hapo. Jecinta aliiweka kando ya cherehani yake, pale sokoni Kiptere. Wateja walimcheka. "Mama Steve, siku hizi umekuwa polisi?" Yeye hata hakujali.

Steve alikuwa mwanawe wa pekee. Aliendesha lori la kiwanda cha chai. Alizunguka vituoni akipakia majani ya wakulima, halafu akayapeleka kiwandani. Baba yake, Danson, alifanya kazi hiyo hiyo. Siku moja ya mvua Danson aliteremka na lori, na hakurudi. Kwa hiyo Steve alipoandikwa kazi, Jecinta alilia kana kwamba amefiwa tena.

Steve akamnunulia ile skana. Akamwombea na barua ofisi ya usafiri, ili aruhusiwe kusikiliza malori. Kusikiliza mawasiliano ya watu bila ruhusa ni kujitafutia kesi.

"Nikifika kiwandani nitasema, 'Kumi na mbili nimeingia,'" Steve alimwambia. Kumi na mbili ilikuwa namba ya lori lake. "Ukisikia hiyo, Mum, tulia ushone."

Mwaka mzima mambo yalikwenda hivyo. Kisha, mwezi wa nne, mvua zilipoanza, kiwanda kikabadilisha redio zake. Hapo ndipo taabu ilipoingia. Sauti ya Steve ilitokea kidogo, ikapotea. Jecinta alisikia askari wa geti. Akasikia mtu wa shamba kubwa akiulizia dizeli. Steve hayupo.

Palikuwa na chaneli moja iliyonguruma tu kutwa kucha. Hakuna mtu, hakuna neno, ni kelele tupu. "Hii nayo imeharibika," Jecinta akasema, akaifuta. Kesho yake akamsikia Steve kwenye chaneli ya tatu. Alifurahi kupita kiasi! Akabonyeza kitufe cha kushikilia, ili skana isitoke hapo tena. Akasubiri wiki mbili nzima kwenye chaneli hiyo ya tatu, na mtoto akawa haji. Usingizi ukamhama. Chakula kikawa hakipiti kooni.

Alhamisi hiyo mvua ya mawe ilinyesha tangu saa nane. Mabati yalipigwa mpaka watu wakawa wanazungumza kwa ishara. Mvua ilipopungua kidogo, skana ikasema waziwazi:

"Kumi na mbili imeanguka pale darajani. Narudia, kumi na mbili imeanguka."

Mkasi ulimponyoka Jecinta. Akaishika skana kwa mikono miwili, akangoja jibu. Likaja hili:

"Hapa geti. Nani ako na kifunguo ya stoo?"

"Woi!" Jecinta alipiga kelele. "Ni watu gani hawa? Lori imeanguka, nyinyi mnatafuta kifunguo!"

Alimpigia Steve. Simu haikupatikana. Akapiga ofisini, ikalia mpaka ikakatika. Alitoka nje kutafuta bodaboda. Kijana wa bodaboda akatikisa kichwa. "Mama, barabara ya daraja imejaa maji. Hata ng'ombe hapiti." Jecinta alirudi ndani, akakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Aliona hana mtu tena duniani. Mungu mwenyewe alimwona yuko mbali siku hiyo.

Beverly alimkuta hapo hapo chini. Beverly alikuwa mke wa Masese, taniboi wa lori hilo hilo, yule anayebeba na kupakia magunia ya majani. Mgongoni alimbeba mtoto wao, Shirley.

"Mama Steve, watu wanasema lori imeanguka. Ni ya akina Baba Shirley?"

Jecinta alimwonyesha skana tu. Skana ilikuwa kimya.

Aliyewasaidia ni Phelix Otiende, fundi wa redio wa duka la mkabala. Alikuwa mmoja wa waliofunga redio mpya za kiwanda. Aliingia amelowa chapachapa, akaichukua skana, akaitazama.

"Mama, mbona umeishikilia chaneli ya tatu?"

"Ndiko nilimsikia Steve!"

"Hiyo ni ile njia ya zamani. Zamani kila kikundi kilikuwa na chaneli yake. Malori yao, geti yao, shamba yao. Ukikaa kwa ya malori, unasikia malori. Sasa wamewekwa pamoja, na chaneli ni tano tu. Sisi mafundi tunaita mtindo huu trunking."

"Fundi, mtoto wangu amelala mtoni, na wewe unanifundisha?" Jecinta alifoka.

"Nikibonyeza bila wewe kuelewa, kesho utampoteza tena. Nipe dakika moja." Phelix alichuchumaa karibu naye. "Ukienda zahanati, unaingia tu chumba unachotaka?"

"Hapana. Naanza kwa karani."

"Na karani anakwambia nini?"

"Aniambie nenda chumba cha pili. Ama cha nne. Kile kiko wazi."

"Sawa. Leo cha pili, kesho cha nne. Na redio ni hivyo. Dereva akibonyeza kuongea, karani anamtafutia chaneli iko wazi, na kikundi chake chote kinaelekezwa huko. Akimaliza, mwenye kumjibu anaweza kupewa chaneli ingine kabisa. Wewe umeketi chumba cha tatu unangoja mgonjwa ameshahamishwa."

Beverly akauliza polepole, "Kwa hivyo hao wa kifunguo hawakuwa wanajibu?"

"Hao ni kikundi kingine. Waliingia tu hapo wengine walipotoka."

"Na huyo karani ako wapi?" Jecinta aliuliza.

Phelix alipekua orodha ya skana, akaguna. "Kulikuwa na chaneli ya kunguruma bila kuacha?"

"Ilikuwa. Niliifuta. Ilikuwa imeharibika."

"Haikuharibika, Mama. Ile kelele ndiyo karani. Redio zinaongea na yeye kwa namba. Sikio la mtu halishiki, lakini skana inaelewa."

Jecinta alijishika kichwa. Wiki mbili! Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemfukuza anayejua mwanawe yuko wapi. Alijichukia vibaya sana.

Phelix alisoma barua iliyobandikwa ukutani. "Ruhusa ni ya usafiri peke yake. Nitakuwekea kikundi cha malori tu. Askari na ofisi usiguse. Vingine vimefungwa, na usijaribu kuvifungua." Alirudisha masafa ya ile kelele. Akaiambia skana ni mfumo wa aina gani. Akaingiza namba ya kikundi cha usafiri. "Na chochote utakachosikia humu hukipeleki sokoni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Fanya haraka."

Shirley alianza kulia kwa njaa. Beverly alitoka naye, akaenda kumwombea maziwa kwa mama wa hoteli jirani. "Narudi sasa hivi. Niite wakisema kitu."

Hakupita hatua kumi, skana ikaongea. Safari hii haikurukaruka. Swali lilikuja, na jibu likalifuata.

"Steve, unatusikia?" mtu wa usafiri aliuliza.

"Nawasikia. Mguu umebanwa na usukani. Lakini niko."

Jecinta alipiga magoti. "Asante Yesu! Asante Yesu!" Machozi yalimtoka bila kuzuiwa. Phelix naye alijifuta uso.

"Vumilia. Jackton anakuja na trekta. Mwenzako je?"

Skana ilinyamaza. Jecinta alidhani imepotea tena, akamtazama fundi. Fundi akatikisa kichwa. Haikuwa imepotea.

"Masese alikuwa ameketi juu ya majani," Steve akasema. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. "Watu wamemtoa kwa maji saa hii. Ameenda. Masese ameenda."

"Nimesikia. Mtu asipigie simu nyumbani. Ofisi itatuma watu wamwambie bibi yake."

Jecinta alikuwa bado amepiga magoti, shukrani zake hazijakauka mdomoni. Aliona aibu kwa furaha yake, na furaha yenyewe ilikataa kuondoka.

"Si sisi wa kumwambia," Phelix alinong'ona.

Beverly aliingia, Shirley mgongoni, kikombe cha maziwa mkononi. Aliona machozi ya Jecinta. Akaona skana imewaka.

"Wameongea? Wamepatikana?"

"Steve amepatikana," Jecinta akasema. "Mguu umeumia, lakini anaongea."

"Mungu ni mwema!" Beverly alitabasamu, na alitabasamu kwa moyo wake wote. Kisha akangoja. Akamtazama fundi, fundi akaangalia chini. "Na Baba Shirley, Mama Steve? Yeye amesema nini?"

Jecinta alinyoosha mkono, akaizima skana. Aliinuka, akafungua leso ya kumbebea mtoto, akampokea Shirley kutoka mgongoni mwa Beverly. Akakivuta kiti chake cha kushonea.

"Keti, mwanangu," akamwambia. "Watu wa ofisi wako njiani. Mimi siendi popote."