Karibu Isiyo na Hodi

Jumanne, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, swichi ya nne ililia "tak" ndani ya kopo la biskuti, na swichi ya nne haikuwa imeunganishwa na kitu chochote.

Binti aliyeisikia aliandika saa hiyo kwenye daftari. Alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu wa kuzunguka madukani na mawe yake ya shaba kuhakikisha kwamba kilo ni kilo, na kwa sababu hiyo nyumbani walimwita Mizani. Wiki hiyo alikuwa likizo, akimuuguza mama yake. Akasogea kwenye rafu, kitambaa cha vumbi mkononi, akazifuata kwa macho waya zilizotoka koponi. Jozi ya kwanza ilikwenda kwenye taa ya sebuleni. Ya pili ilikwenda kwenye feni. Ya tatu ilipanda ukutani mpaka kwenye kitasa cha umeme cha mlango wa chumba cha mama. Ya nne haikuwepo. Palikuwa na matundu mawili matupu, na juu yake kitaa chekundu, kidogo kama kichwa cha kiberiti, kikiwaka.

Kopo lile lilikuwa kazi ya kaka yake, fundi simu ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia, naye hakuwahi kuukana wadhifa huo. Mama alipopata kiharusi, miezi mitano nyuma, mkono wake wa kulia ulikufa ganzi na wa kushoto ukabaki na nguvu za kushika kijiko tu. Kitasa cha mlango kilimshinda kuzungusha.

"Usijali, mama," Injinia alisema. "Nyumba yenyewe itakutumikia. Nyumba ya kisasa kwa bei ya jozi ya viatu!"

Alinunua kikompyuta chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kibao cha swichi nne, na kitufe cha kufungulia mlango wa chumbani, ambacho mama angekibonyeza kitandani kwa kidole cha kushoto. Simu yake kuukuu yenye kioo kilichopasuka ikawa ndiyo skrini. Spika aliing'oa kwenye redio mbovu. Jicho la kuhisi mwendo, lile la kubandika juu ya mlango wa mbele, alilipata kwenye kapu la vitu vilivyorudishwa dukani na wateja. Kila mtu akipita chini ya jicho hilo, nyumba ingemkaribisha kwa sauti aliyoirekodi Injinia mwenyewe, koo likiwa limesafishwa kwa maji ya moto: "Karibu, mgeni."

Mizani alikuwa na maswali tangu siku ya kwanza. Programu ilidai majina manne ya wakazi na haikukubali nafasi tupu, basi kaka yake akaandika Injinia, Mizani, Mama, na ya nne akaijaza Mgeni.

"Unaandikaje jina la mtu asiyekuwepo?"

"Ili mashine itulie, dada."

"Na kitasa hiki? Umeme ukikatika kinafunguka au kinafunga?"

"Kinafunga. Vya kufunguka ni ghali mara tatu. Si kuna betri?"

"Na betri ikiisha? Ndani umeng'oa kitasa cha zamani, tundu umeliziba kwa bati. Mama atatokaje?"

Injinia alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe ukiletewa chai unauliza kama ng'ombe alikuwa na afya."

Mama alikuwa amelala chumbani, mlango wazi, akiwasikia wote wawili. Hakuna aliyemuuliza.

Jicho la bei ya kutupa lilikuwa bovu, kama alivyotarajia Mizani. Liliona watu wasiokuwepo. Upepo ukigusa pazia: "Karibu, mgeni." Kivuli cha ndege kikipita: "Karibu, mgeni." Jumanne hiyo peke yake alihesabu mara arobaini na moja, na kuanzia saa nne na dakika kumi na saba, baada ya kila karibu, swichi ya nne iliitikia: tak.

Jumatano harufu ikaingia. Kwanza ilikuwa ya waya unaochemka, akaenda kunusa kopo, akalikuta baridi. Kisha ikawa harufu ya nywele zilizoungua, na chini yake utamu mzito, kama wa tunda lililosahauliwa kwenye begi. Ilikuwa nyepesi sebuleni. Ilikuwa nzito chumbani kwa mama.

"Mwanangu," mama alinong'ona, maneno yakimtoka polepole kwa upande mmoja wa mdomo, "jana alasiri ni nani alikuja kukaa hapa miguuni?"

"Hakuna aliyekuja, mama."

"Godoro lilizama. Likakaa limezama."

Jioni Mizani alimngoja kaka yake mlangoni, daftari likiwa wazi. Alimsomea saa na dakika zote. Injinia alisikiliza huku akivua viatu.

"Jicho bovu, swichi bovu, mgonjwa anaota," alisema. "Umesoma chuo kikuu miaka minne uje uogope kopo la biskuti?"

"Sijaogopa. Nimekasirika."

"Basi kasirika taratibu, mama amelala."

Alikuwa ameogopa, lakini hasira ilikuwa juu ya hofu kama mafuta juu ya maji, na usiku kucha alilala nayo ikichemka kifuani.

Ijumaa, saa kumi na moja kasoro dakika nne, jua bado likiwa kali kwenye kapeti, Mizani alikuwa anaanua nguo nje aliposikia mlango wa chumba cha mama ukigonga fremu na kitasa kikijifunga. Aliingia mbio. Juu ya kichwa chake jicho halikusema kitu. Lilikuwa limewakaribisha panzi na vivuli wiki nzima, na sasa lilimwacha apite kimya kama mwizi.

"Mama, bonyeza kitufe!"

"Nabonyeza." Sauti ilikuwa ndogo. "Nabonyeza, mwanangu. Na yeye anabonyeza."

"Yeye nani?"

Spika iliyokuwa kwenye rafu ilikohoa. Kisha sauti ya kaka yake, ile ile iliyosafishwa kwa maji ya moto, ikasema maneno ambayo kaka yake hakuwahi kuyarekodi:

"Dada. Usipige kelele. Watu wamepumzika."

Aliuendea mlango kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili, bega likalia, mlango haukutikisika, akazunguka nje dirishani ambako nondo zilikuwa zimechomelewa na fundi mzuri kuliko kaka yake, akachungulia kati ya nondo na pazia, akamwona mama yake amelala chali, kidole cha mkono wa kushoto juu ya kitufe, macho ameyakodoa miguuni pake ambapo hapakuwa na mtu, lakini shuka lilikuwa limevutika na godoro limebonyea kwa uzito wa kitu kilichokuwa kikijisogeza, taratibu, bila haraka ya mwizi wala ya mgeni, kutoka miguuni kwenda magotini, kama mtu anayetafuta mkao mzuri katika kitanda chake mwenyewe.

Alimpigia simu kaka yake. Hakumsalimu. Alisema, "Njoo, na ukichelewa usiniite dada tena."

Vishindo vya bega lake mlangoni vilimleta pia jirani wa nyumba ya pili, mshona nguo aliyeitwa Mama Sindano, ambaye watu walimpelekea suruali za kupunguzwa na, wakishindwa hospitali, majini ya kutolewa. Aliingia na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alipopita mlangoni alisimama akalitazama jicho, akavuta hewa mara mbili puani, akakunja uso.

"Nani anakaribisha watu humu?"

Mizani alimweleza yote, kwa mpangilio, akisoma daftari. Mama Sindano alisikiliza akiwa amebana pini midomoni, na alipomaliza alizitoa moja moja.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Arobaini na kitu."

"Mnamkaribisha mtu mara arobaini kwa siku, mmemwandika jina, na hamjampa hata kigoda! Hata mimi ningekasirika. Hata mimi ningeingia chumbani nikatafuta pa kukaa."

"Mama Sindano, ni nini hicho?"

"Ni jini, na si la kutumwa. La kutumwa lina ubaya wake lakini lina mwenyewe, utamwendea. Hili lilikuwa linapita njia yake. Sisi watu huanza na hodi, ndipo ije karibu. Nyinyi mmetoa karibu isiyo na hodi, kama mlango usio na ukuta."

Injinia alifika akihema, shati limemganda mgongoni. Akachukua ile simu kuukuu. Nyuma ya nyufa za kioo orodha ya wakazi ilikuwa imebadilika. Juu kabisa palisomeka: Mwenye nyumba, Mgeni. Chini yake: Wageni, watatu.

Hakucheka. Aliingiza neno la siri, likakataliwa. Aliingiza tena. Spika ikasema kwa sauti yake, kwa upole, "Umekosea, kijana." Akakurupuka, akashika waya wa umeme wa kopo ili auchomoe.

Mizani alimpiga mkononi kofi lililosikika mpaka nje.

"Chomoa! Chomoa tuone! Si ulinunua cha kufunga? Ukichomoa umemfungia mama humo na hicho kitu, na hiyo betri yako ikiisha atatokaje! Miezi mitano unajisifu mtaani kwa mgonjwa wa watu! Nyumba ya kisasa! Hukumnunulia mama mlango, ulijinunulia sifa, na hata sifa umenunua ya mtumba!"

Injinia aliachia waya. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nifanye nini? Niambieni nifanye nini."

"Aliyemwita ndiye amuage," alisema Mama Sindano. "Simama mlangoni, kiri kosa, umwombe aende zake."

Injinia alipiga magoti mbele ya mlango. "Mgeni wetu," alianza, na spika ikasema "Mgeni wetu" kabla hajamaliza. "Nimekosa," alisema. "Nimekosa," ilisema spika, na sasa ilimtangulia, kila neno lilitoka kwanza rafuni na kisha kinywani mwake, kama kwamba yeye ndiye aliyekuwa akirudia, mpaka sauti yake ikakauka kooni akabaki anachezesha midomo mitupu huku sauti yake ikiendelea peke yake, nzuri, safi, ikisema siendi, siendi, nimeandikwa, siendi.

Mama Sindano alimvuta kola akamwondoa pale. Paji lake lilikuwa limelowa jasho. Kwa mara ya kwanza aliuliza kwa mnong'ono. "Hii nyumba ni ya nani?"

"Mimi ndiye nilisajili..." Injinia alikwaruza.

"Sijauliza kopo. Nauliza nyumba. Tofali. Nani alijenga?"

Kaka na dada walitazamana. Kisha, kwa aibu iliyowashika wote wawili kwa pamoja, wakautazama mlango.

"Ni mimi," alisema mama kutoka ndani.

Hawakuwa wamemsikia akisema hivyo tangu augue. Maneno yalikuwa bado mazito, yaliburutwa moja baada ya jingine, lakini yalikuwa na hasira ya miezi mitano chini yake.

"Nyumba hii nimeijenga mimi, kwa mikono hii hii. Wamenigawia kitufe kama mtoto. Wamekata mlango wangu wasiniulize. Wao ni wanangu, nitawapata. Lakini wewe... wewe ni nani? Hodi yako sikuisikia. Karibu yangu hukuipata. Inuka kitandani kwangu."

"Inuka, nimesema! Mwenye nyumba yuko macho!"

Spika ilipiga mluzi mwembamba, ikapanda, ikapanda, mpaka Mama Sindano akaziba masikio. Kioo cha simu kikazima. Chumbani springi za godoro zililia zote kwa mpigo, kama mtu mzito aliyesimama ghafla. Kisha tak. Swichi ya tatu. Mlango ukaachia, ukafunguka upana wa kiganja, na harufu ya nywele zilizoungua ikapita kati yao watatu, vuguvugu, ikatoka mlango wa mbele. Jicho halikusema kitu.

Mizani alimwinua mama yake akamkumbatia. Mama alimsukuma kidogo kwa mkono wa kushoto.

"Na wewe," alisema. "Uliandika kila kitu kwenye daftari. Mimi uliniuliza lini?"

Mizani aliliandika na swali hilo pia, baadaye, bila saa.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, saa moja kamili, alichukua bisibisi. Kopo lilikuwa limekwisha kuzikwa na Mama Sindano mahali ambapo hakuwaambia. Lakini Mizani hakuridhika. Alifungua bawaba tatu za mlango wa chumba cha mama, skrubu kumi na mbili, akazihesabu, akauburuta mlango mpaka uani akauegemeza ukutani. Mama alitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa napata upepo," na ikawa ndiyo msamaha.

Saa nne na robo alikuwa sebuleni na kaka yake. Injinia bado hakuwa na sauti. Alikuwa amekaa mbele yake, kikombe cha chai mikononi, shingo imezungushiwa kitambaa. Mizani hakuwa amemsamehe, lakini alimsogezea sukari.

Na saa nne na dakika kumi na saba, nje, kwenye dirisha la chumba cha mama, sauti ya kaka yake ikaita kwa adabu kubwa:

"Hodi, mama."

Injinia aliacha kikombe kianguke. Alishika koo lake kwa mikono yote miwili, akatikisa kichwa: si mimi, si mimi.

Mama yake, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha hodi bila jibu, alikuwa amelala ameupa uso ukuta na hakuweza kuona kwamba mwanawe yuko sebuleni.

"Hodi," ilisema sauti mara ya pili.

Mizani aliruka juu ya meza. Alipita pale ambapo mlango ungekuwa, akaangukia kitandani kwa magoti, akaweka kiganja juu ya mdomo wa mama yake na kukigandamiza kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na chini ya kiganja, kwenye pumzi ya moto, alihisi midomo ikiwa tayari imefunguka kwa ile herufi ya kwanza ya "karibu".

"Hodi," ilisema sauti mara ya tatu, ikangoja.

Hakuondoa mkono.